Mguu wa Kushoto wa Kaka Saidi

Nilimvunja kaka yangu mguu wa kushoto nikiwa nimesimama kwenye banda la chakula la mama, pale kivukoni Ndundu, mkono mmoja una bilauri ya maji na mwingine hauna kazi. Sikumgusa. Yeye alikuwa mbali, upande wa Tunduru kwenye machimbo ya mawe ya vito, na kama alikuwa na miguu miwili au hana hata mmoja, hakuna aliyejua pale. Nilimvunja kwa mdomo. Watu walikuwa wananitazama, mama alikuwa ananitazama, na mie tangu nizaliwe nikitazamwa huwa siwezi kukaa kimya. Ndiyo upumbavu niliouanza nao mwaka ule. Ningependa kusema ndiyo nilioumaliza nao, ila walimu wa Kibiti wakisoma hapa watacheka.

Juzi tumefanya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Kwenye karatasi ya Kiingereza kulikuwa na swali la kujaza nafasi: may, might, could au must, chagua linalofaa. Kiingereza ndiyo somo langu, wenzangu hunakili kwangu mpaka makosa. Lakini nilipofika pale kalamu ikagoma. Mwalimu Mgaya, aliyekuwa anasimamia, akapita, akaona nafasi zangu tupu kama meno ya bibi, akagonga dawati kwa kidole. “Athumani, umeishiwa wino?” Nikamwambia, “Nimeishiwa uhakika, Mwalimu.” Darasa likaangua kicheko, maana likishanisikia nafungua mdomo huwa halingoji kujua nimesema nini. Mwalimu hakucheka. Yeye anajua. Akaendelea na matembezi yake, mie nikabaki naangalia dirishani, na mwaka jana wote ukaja ukakaa kwenye karatasi yangu.

Mwalimu Mgaya ni mtu wa Njombe. Mwaka wa kwanza alipoletwa Kibiti alikuja na sweta, akaendelea kulivaa kwenye joto hili la pwani na hata malaria haikumvua. Darasa letu lina bati bila dari, saa sita mchana unahisi kama uko ndani ya sufuria na mtu kafunika. Nje kuna mikorosho, na ukikaa karibu na dirisha unaweza kuokota bibo bila kuinuka, ndiyo maana mie hukaa dirishani. Siku aliyotufundisha maneno yale alichora ngazi ubaoni. Juu kabisa akaandika must. Chini yake may. Chini zaidi could na might, akaziweka karibu karibu kama ndugu waliogombana na kulazwa kitanda kimoja. Akasema, kwa Kiswahili maana alishachoka kutusemesha Kiingereza tukamtazama kama mbuzi: “Mtu akisema must, ana ushahidi. Kaona moshi, kasikia harufu. Akisema may, jambo linaweza kuwa, linaweza lisiwe. Could, njia ipo, lakini hajui kama kuna aliyepita. Might, hata yeye mwenyewe anaona aibu kulisema.” Nyuma huko akasimama Mfaume, mtoto wa Ngorongo, akasema, “Mwalimu, sisi huku tuna huenda, labda, pengine, yamkini.” Mwalimu akajibu, “Mnayo, ila mnayatupia kama chumvi, mkono wowote.” Nikadakia: “Si kweli, Mwalimu. Mndengereko akikwambia labda atakuja, wewe kafunge mlango ulale.” Wakacheka, na hapo nikajiona mwalimu wa pili.

Akatutaka kila mtu atunge sentensi. Ijumaa ile nyama haikuonekana bwenini, tulikula maharage yenye wakazi wake ndani. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza safi kwamba mkuu wa shule must have eaten our meat. Yaani bila shaka kaila. Mwalimu Mgaya akauliza kwa utulivu, “Ushahidi?” Nikasema, “Kitambi, Mwalimu.” Bakora nilizokula siku ile ziliniweka nikilala kifudifudi. Alipomaliza akajifuta jasho kwa mkono wa sweta, akaniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona ya kichekesho tu: “Ungesema may nisingekuchapa. Umechapwa kwa ajili ya must.”

Miaka hii kila kitu ni ruksa. Wanaokumbuka foleni za sabuni wanasema ilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Sie tuliokuwa wadogo tuliona tu maduka yanajaa maziwa ya kopo, redio na mitumba, na wanaume wanatoweka kufuata pesa ziliko. Watu wa Mbwera waliacha nyavu, watu wa Chumbi waliacha mpunga kwa nguruwe, wote barabara moja kwenda kusini kwenye mawe. Kaka Saidi alikuwa anamsaidia mama bandani. Alikuwa fundi wa wali. Wali wa nazi wa kaka ulikuwa hauungui, sijui alikuwa anauchungulia saa ngapi, maana muda wote alikuwa anapiga soga na madereva. Madereva haohao ndio waliomtia maneno. Alipoondoka alimwachia mama mwiko, akamwachia mkewe, shemeji Mwanaidi, mimba changa, na mie akaniachia kazi ya kuosha sufuria, ndiyo niliyomchukia nayo. Salamu zake zilikuwa zinaletwa na malori. Mara kanga ya mama, mara redio ndogo isiyo na betri. Dereva anateremka, anaketi, anaomba wali na kambare, halafu kinywa kikiwa kimejaa anasema, “Mama Saidi, kijana wako mzima, kanenepa.” Mama anamwongezea kambare.

Halafu zikaja mvua. Mto ulifura, pantoni ikasimama, magari yakapangana pande zote mbili za mto, na banda la mama lilijaa kama msikiti wa Idi. Ukiwa unaosha sahani nyuma ya makuti unasikia yote. Nilikuwa likizo. Nilisikia sauti moja inasema, “Kule mtoni duara limemeza watu,” na nyingine ikauliza duara ndiyo nini, na ya kwanza ikajibu, “Shimo, bwana, shimo la wachimbaji. Mvua imenyesha usiku, asubuhi wakashuka, ukingo ukaja na wao.” Sauti ya tatu ikasema, “Shh, mama yake yule.” Kisha nikasikia mwiko unagonga sufuria, na sauti ya mama, ileile ya siku zote: “Nani hajapata mchuzi?”

Hapo ndipo ulipoanza msiba usio na msiba. Majirani walikuwa wanakuja na nyuso za matanga lakini midomoni hawana la kusema. Bi Tatu wa jirani alijaribu siku moja, akashika mkono wa mama akasema, “Pole, mwenzangu.” Mama akautoa mkono wake taratibu, akauliza, “Pole ya nini?” Bi Tatu akababaika, “Ya… ya kazi.” Tangu siku ile hakuna aliyethubutu. Shemeji Mwanaidi hakujua avae nini. Akijipaka wanja, wanawake wanamtazama, asipojipaka, mama anamwuliza, “Kwani weye mjane?” Tumbo lake lilikuwa linakua na mwenyewe anapungua. Kwao Mbwera walishatuma mtu kuuliza kama mtoto wao aanze eda au asianze, na yule mtu alikula, akalala, akarudi na boti ya asubuhi bila jibu.

Maalim Omari, anayetusalisha, aliitwa. Ni mtu anayependa sukari kupita kiasi, alikunywa chai yetu mpaka nikaiombea dua sukari. Watu walitaka asome hitima, aswalishe swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa mtu ambaye mwili wake haupo, ili jambo liishe watu walie. Akakataa. “Saidi alitoka hapa mzima,” akasema. “Ndiyo yakini tuliyonayo. Yakini haiondolewi na shaka. Aje mtu aliyemwona akifa, au aliyemwona akishuka na asimwone akitoka. Siwezi kumswalia mtu kwa maneno ya madereva.” Mie nilikuwa mlangoni na birika, nikajisemea moyoni: huyu naye ana ngazi yake. Kichwa changu ndivyo kilivyo, kinatafuta utani hata kwenye sanda. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho, “Umesikia Maalim. Hajafa.” Maalim Omari akafumbua mdomo kutaka kusema siyo alivyosema, akautazama ule mchele, akaufumba.

Siku alipopita mgeni mmoja, mnunuzi wa mawe, jua lilikuwa limetoka na matope yanatoa moshi. Gari lake, la kununulia mawe, lilivuka na pantoni ya kwanza baada ya mto kupungua, likatoboka tairi palepale mbele ya banda. Dereva wake akapakia tairi kwenye baiskeli ya kukodi kwenda Ikwiriri kuziba pancha. Mgeni akabaki peke yake: mtu wa Sirilanka, mwembamba, shati jeupe lenye tope mpaka kiwikoni, Kiswahili chake kinaishia kwenye “mawe” na “bei gani.” Akaketi, akaomba chakula kwa vidole. Mama akampa wali, akampa mchuzi, halafu akaingia ndani, akatoka na picha ya kaka iliyopigwa studio Kibiti, amevaa suti ya mpiga picha, suruali imemfika kwenye vifundo. Akaiweka mezani kando ya sahani. Yule mtu akaacha kula.

“Athumani!” mama akaita. “Njoo useme na huyu. Si ndiyo tunakulipia ada.”

Watu wakasogea. Madereva, utingo, wauza mihogo, Bi Tatu, shemeji na tumbo lake mlangoni. Nikajipangusa mikono, nikachukua bilauri ya maji ili nionekane mhudumu wa hoteli, nikamsalimia kwa Kiingereza cha Mwalimu Mgaya. Yule mtu akashukuru kama aliyetolewa kisimani. Akasema mengi. Akasema anamfahamu huyu kijana, alikuwa mpishi wa kundi lililomuuzia mawe, walimwita Mrufiji. Akasema baada ya mvua shimo lao liliporomoka, yeye hakuwapo, alikuta watu wanachimba kwa mikono. He may have been inside, akasema, huenda alikuwamo, na akaangalia meza. Akasema tena watu wa machimbo hawakai, he could have moved to another camp, pengine kahamia kambi nyingine. Akasema majeruhi walibebwa kwenda hospitali Songea, he might be one of them. Akayasema hayo matatu polepole, kama anapanga mawe yake juu ya karatasi, dogo, dogo zaidi, dogo kuliko yote. Kisha akasema hajui. Akasema samahani. Nilielewa kila neno. Sijawahi kuelewa Kiingereza vizuri kama siku ile, niliiona ngazi yote mbele yangu na jinsi alivyokuwa anashuka.

“Anasemaje?” mama akauliza.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema tu huenda. Kiswahili hakikuninyima neno. Lakini tulikuwa tumeishi kwenye huenda tangu mvua zianze, nyumba nzima ilikuwa inanuka huenda, na wale watu wote walikuwa wamenikodolea macho wakingoja. Nikalichukua lile dogo kuliko yote nikalipandisha juu kabisa.

“Anasema kaka yupo hospitali. Songea. Kavunjika mguu.”

Shemeji akatoa sauti, si kilio wala si kicheko. Mama akaniangalia, akamwangalia yule mgeni, akaniangalia tena. “Mguu gani?”

“Wa kushoto,” nikasema. Sikusita hata kidogo. Ndivyo nilivyo hodari.

Watu wakalipuka. “Mguu si kitu, Mama Saidi!” “Mguu unaunga!” “Mie mjomba wangu kavunjika miwili na anacheza ngoma!” Bi Tatu akapiga kigelegele. Yule mgeni akawatazama, akanitazama, nadhani alielewa kwamba nimewaambia kitu ambacho hakukisema, maana aliinuka kabla hajamaliza wali wake, akaenda kukaa ndani ya gari lake lililoinama, akafunga kioo juu na joto lile. Dereva aliporudi na tairi walifunga nati wakaondoka. Nilishukuru.

Jioni ile mama alikula. Nilikuwa sijamwona akila hivyo siku nyingi, alikula wali na ngogo wa kukaanga, akalamba vidole. Shemeji alijipaka wanja. Fundi mmoja alichonga mkongojo wa mti wa mkoko, mzito, mzuri, akaupiga msasa akasema, “Huu atazeeka nao.” Mama akaupima kwenye kwapa langu, kwa kuwa mie na kaka kimo chetu kimoja, na nilisimama pale mguu mmoja nimeukunja, watu wanacheka, Athumani bwana, hata mgonjwa anaigiza. Nikajaribu. Wallahi nilijaribu. Nikamwambia, “Mama, labda tungengoja kwanza, tutume mtu…” Akasema, “Labda ya nini tena? Si umesema mwenyewe?” Akafunga kanga mbili, sukari, mchele wa kwetu maana wa huko hauliki, akapanda lori na ule mkongojo begani kama bunduki.

Shule ikafunguliwa, nikarudi Kibiti na uongo wangu. Nilitania kuliko kawaida. Nililitania mpaka bibo. Usingizi ukanikataa, chakula nikakigawa, na Mfaume akaanza kusema nina jini. Mwishowe nilimfuata Mwalimu Mgaya ofisini, wenzake wamekwenda kunywa chai, nikamweleza yote, maneno ya yule mtu yalivyopangana na nilivyoyapanga mie. Nilikuwa nimejiandaa kwa bakora. Nilizitaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua sweta, akalikunja, akalivaa tena. “Amekwenda peke yake?” akauliza. Nikasema ndiyo. “Barabara ile?” Nikasema ndiyo. Akaniandikia ruhusa. “Nenda nyumbani ukae mpaka arudi. Usije hapa kabla.” Hakuniambia lingine, na mpaka leo hajanitania wala hajanisema kwa hilo.

Nikawa mpishi. Mie na shemeji tulifungua banda kila asubuhi, nikaunguza wali kila asubuhi, wateja wakanitukana kwa haki. Shemeji alikuwa anapanga mambo ya kaka akirudi: alale chumba cha mbele asipande ngazi ya mlangoni, apewe supu ya pweza apate nguvu. Aliniuliza, “Shemeji, yule mgeni wa mawe, alimwona kwa macho yake?” Nikasema, “Alisikia.” Akasema, “Alisikia kwa nani?” Nikasema wali unaungua, na kweli ulikuwa unaungua.

Mama alirudi alasiri, kwenye lori la korosho. Akashuka akiwa na tope la nchi nyingine kwenye kanga, mkononi sufuria ndogo iliyopondekapondeka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hata Bi Tatu alisimama uani kwake mikono kifuani. Akaoga, akaswali, akaketi chumbani na shemeji, mlango wakausindika. Mie nilikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, na nikasikia yote, kama kawaida yangu.

Alimwambia shemeji kwamba alifika Songea, akapita kitanda hadi kitanda wodi ya wanaume, akiomba radhi na kufunua shuka upande wa kushoto. Alimpata kijana mmoja aliyevunjika mguu huohuo, mtu wa Masasi, hana ndugu. “Akaniita mama,” akasema. “Nikampa mkongojo. Nikampikia siku mbili.” Kisha akapanda gari la kurudi Tunduru, akaingia machimboni kwa miguu. Shimo lilikuwa limejaa maji ya kahawia, na pembeni yake, karibu kabisa, watu wanachimba jingine. Aliwakuta wenzake. Walimwambia Saidi hakuwa mtu wa kushuka, yeye alikuwa wa kupika, ila asubuhi ile mmoja wao alikuwa na homa, akasema ngoja nishuke badala yako, uji upo jikoni. Yule mwenye homa ndiye aliyemweleza, analia. Shemeji akauliza, sauti yake ndogo, “Walimwona akishuka?”

“Walimwona.”

“Hawakumwona akitoka?”

“Hawakumwona, mwanangu. Hawajamtoa mpaka leo. Hii sufuria ndiyo yake.”

Nikamsikia shemeji anaanza. Mlango ukafunguliwa, mama akatoka uani, akanikuta pale chini nimekumbatia magoti. Nilisimama. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Kibiti, nikaanza, “Mama, yule mgeni…” Akainua kiganja. Uso wake ulikuwa umechoka tu, haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akajitanda kanga kichwani kama wanavyojitanda wafiwa, akasema:

“Yule mgeni alisema maneno mengi na macho yake chini, wewe ukaniletea mguu. Nilijua palepale, Athumani, si mimi niliyekuzaa? Lakini ningemliliaje mtoto ambaye sijamtafuta? Sasa nimemtafuta. Nenda kamwite Maalim.”